Liverpool: Kuta za Matajiri, Utamaduni wa Makuli

Julai 21, 2021, kamati ya UNESCO inayosimamia Urithi wa Dunia iliifuta Liverpool kwenye orodha yake. Wajumbe 13 walitaka iondoke, 5 wakakataa. Kabla ya hapo yalikuwa yamefutwa maeneo mawili tu: hifadhi ya choroa ya Oman, mwaka 2007, baada ya serikali yenyewe kuimega ili itafute mafuta, na bonde la mto Elbe mjini Dresden, Ujerumani, mwaka 2009, kwa sababu ya daraja. Liverpool ikawa ya tatu. Kosa lake lilikuwa mradi wa maghorofa kwenye magati ya kaskazini, pamoja na uwanja mpya wa mpira wa Everton uliopangwa kujengwa hukohuko. Meya wa wakati ule, Joanne Anderson, mwanamke mweusi wa kwanza kuchaguliwa kuongoza jiji kubwa la Uingereza, aliupinga uamuzi huo, lakini kura zilikuwa zimeshahesabiwa.

Jiji liliingizwa kwenye orodha mwaka 2004 kwa hoja kwamba lilikuwa mfano bora wa bandari ya biashara ya enzi ambayo Uingereza ilitamba duniani kuliko wakati mwingine wowote. Hoja hiyo ni ya kweli, na ugomvi wangu unaanzia hapohapo. Vilivyopewa heshima ni mabohari, mabenki, ofisi za kampuni za meli na kuta za magati, yaani mali ya wenye mali. Sasa mwulize shabiki aliyebanana kwenye kibanda umiza kule Tandika ni kitu gani hasa anachokipenda katika jiji hilo. Atakutajia watu wanaoimba timu ikiwa nyuma mabao matatu, watu wasiokubali kuonewa, watu wasiosahau. Hayo hayakutoka kwa waliojenga mabohari. Yalitoka kwa waliobeba magunia kuyaingiza humo, na kwa wake zao waliongoja nyumbani kujua kama leo kuna ujira au hakuna.

Tuanze na maji, maana bila maji hakuna cha kusimulia. Mto Mersey hujaa na kupwa kwa namna ya kutisha: wakati wa bamvua, tofauti ya maji makuu na madogo hukaribia mita 10. Meli iliyotia nanga hapo ilipata tabu kupakua, na maji yakiondoka ilibaki imekaa kwenye matope. Mwaka 1715 jiji likafungua bwawa la kuegeshea meli lililobuniwa na mhandisi Thomas Steers. Lilikuwa na kuta pande zote na mlango unaofunguliwa maji yakijaa na kufungwa kabla hayajapwa, ili meli ziendelee kuelea ndani usiku na mchana. Halikuwahi kuwapo bwawa kama hilo kwa meli za biashara popote duniani, na liliweza kuchukua hadi meli 100. Baadaye mabwawa ya namna hiyo yalitanda kilomita 11 hivi kandokando ya mto. Lile la kwanza lilifukiwa katika karne ya 19. Leo liko chini ya maduka ya Liverpool One, na wageni hushushwa kwa vikundi kwenda kutazama kipande cha ukuta wake.

Ukuta huo ulilipwa na nini? Mwaka 1699, kabla bwawa halijachimbwa, meli iliyoitwa Liverpool Merchant iliondoka kwenda Afrika Magharibi na hatimaye ikafikisha Waafrika 220 Barbados. Kufikia mwisho wa karne ya 18, karibu robo tatu ya safari zote za Uingereza za kubeba watumwa zilikuwa zikianzia Liverpool. Hukadiriwa kwamba meli zake zilibeba watu milioni 1.5. Karibu wote hawakuwahi kuiona Liverpool. Meli ziliondoka na vitambaa, bunduki na vyombo vya shaba, zikavusha watu Atlantiki, zikarudi na sukari, tumbaku na pamba, na hati za malipo. Mkazi wa mjini aliweza kuzaliwa, kuzeeka na kufa jirani na gati asione mnyororo hata mmoja. Aliona magunia yakishushwa, na jioni akasikia bei.

Umbali huo ndio uliowezesha kisa cha Zong. Meli hiyo ilikuwa mali ya wafanyabiashara wa Liverpool wakiongozwa na William Gregson, aliyewahi kuwa meya. Mwishoni mwa 1781 ilipitiliza Jamaika kwa makosa ya kusoma njia, na mabaharia wake wakawatupa baharini Waafrika wapatao 130 wakiwa hai, kwa madai kwamba maji ya kunywa yalikuwa yakiisha. Habari zilipofika Uingereza, wenye meli walidai bima: pauni 30 kwa kila kichwa, kama shehena nyingine yoyote iliyopotea njiani. Baraza la mahakama la kwanza likawapa haki yao. Kesi iliporudi mbele ya Jaji Mansfield mwaka 1783 iliamriwa isikilizwe upya, na hata hapo mabishano yalihusu nani alipe nani. Kwa mauaji hakushtakiwa mtu yeyote.

Hata hivyo, mji ambao utajiri wake umelala kwenye madaftari unaweza kuumbuliwa na karani. Miaka ya 1890, kampuni ya meli ya Elder Dempster ya Liverpool ilikuwa na mkataba wa kubeba shehena kati ya Antwerp na Boma, bandari ya Kongo iliyokuwa mali binafsi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Kijana mmoja wa ofisini, Edmund Morel, alikijua Kifaransa vizuri, kwa hiyo ndiye aliyekuwa akitumwa Antwerp kushughulikia hesabu. Pale gatini aliona meli zikishusha mpira na pembe za ndovu za thamani kubwa. Zilipogeuza kurudi Kongo, zilibeba maofisa, bunduki na risasi, na bidhaa za kufanyia biashara kiduchu tu. Hakuhitaji kufika Boma. Kama hakuna kinachopelekwa kuwalipa wanaogema mpira ule, basi hawalipwi, na kama hawalipwi, risasi ndizo zinazowagemesha.

Morel aliacha kazi mwaka 1901. Machi 1904 alianzisha chama cha kudai mageuzi ya Kongo, hapohapo Liverpool, akishirikiana na Roger Casement, ambaye ujanani naye alikuwa karani wa kampuni hiyohiyo kabla ya kuwa balozi mdogo wa Uingereza. Leopold alinyang'anywa Kongo mwaka 1908. Bosi wao wa zamani, Alfred Jones, ndiye aliyekuwa konsuli wa serikali ya Leopold mjini Liverpool. Na ni Jones huyohuyo aliyeahidi mwaka 1898 pauni 350 kila mwaka ili ianzishwe shule ya tiba ya magonjwa ya nchi za joto, ya kwanza duniani. Mwalimu wake wa mwanzo, Ronald Ross, alipata tuzo ya Nobel mwaka 1902 kwa kazi yake juu ya mbu na malaria. Shule hiyo ingalipo, inaheshimika, na utafiti wake umefika hadi Afrika Mashariki. Wako wanaoshangaa mtu mmoja awezaje kuwa mfadhili wa tiba na wakala wa Leopold kwa wakati mmoja. Mimi sioni mgongano wowote. Homa ilikuwa inaua mabaharia na makarani wake wa Afrika Magharibi, na kwa mwenye meli vyote viwili vilikuwa gharama za kuendesha njia.

Hiyo ndiyo Liverpool ya madaftari. Liverpool nyingine iliamka kabla ya alfajiri.

Kwa zaidi ya karne moja, kazi ya gatini ilikuwa kibarua cha nusu siku. Asubuhi na tena mchana, wanaume walikusanyika kwenye uzio ambao wenyewe waliufananisha na zizi la ng'ombe. Nyapara alisimama mbele yao, akapita akiwagusa mabega. Aliyeguswa alipata saa chache za kazi. Asiyeguswa alikwenda zake kungoja zizi la mchana. Mwenye mdomo mrefu juu ya mambo ya chama cha wafanyakazi, nyapara alimruka kana kwamba hamwoni, na wako walioguswa kwa sababu walimnunulia bia juzi yake. Ukungu ukiganda mtoni na meli zikashindwa kuingia, mitaa mizima ilikwenda kuweka rehani mashuka. Msomaji wa Mombasa au Zanzibar hahitaji nimfafanulie sana. Makuli wa Mombasa waligoma mwaka 1947 na wa Zanzibar mwaka 1948, na kero zao zilikuwa ndugu wa damu na hizi. Liverpool haikuachana na utaratibu huo hadi mwaka 1967.

Naamini tabia nyingi zinazosifiwa leo kuwa za Kiliverpool zilizaliwa zizini humo. Mzaha wao mkali ni wa watu waliosimama saa nyingi bila kazi wakiwa na kitu kimoja tu cha bure, ulimi. Dharau yao kwa wakubwa ni ya watu waliojua kwamba uwezo wa kazi si uliowapa chakula, bali jicho la nyapara. Na kuchangiana kwao kulikuwa akiba: leo nimeguswa mimi, kesho utaguswa wewe, basi tugawane. Mwaka 1911 akiba hiyo ilijaribiwa. Mabaharia, makuli na watu wa reli waligoma pamoja, serikali ikaleta wanajeshi mitaani na manowari ikatia nanga Mersey. Watu wawili waliuawa kwa risasi za askari.

Wengi wao walikuwa wana na wajukuu wa Waayalandi. Mwaka 1847 pekee, mwaka mbaya kuliko yote wa njaa ya viazi, watu kama 300,000 walivuka kutoka Ayalandi hadi Liverpool. Wenye nauli waliendelea Marekani. Maskini wa maskini walibaki, wakajazana kwenye vyumba vya chini ya ardhi vilivyoloa maji, na homa ya taifasi ikawafyeka. Mapadri 10 wa Kikatoliki waliowahudumia walikufa nao mwaka huohuo. Ni mwaka huo pia ambapo jiji lilimwajiri William Henry Duncan, mganga wa kwanza wa afya ya umma kuajiriwa na mji wowote wa Uingereza. Lafudhi ya leo ya Liverpool, ile inayowapa shida hata Waingereza wenzao, ina Ayalandi ndani yake. Chakula chao cha sifa, scouse, ni mchuzi wa mabaharia tu: nyama kidogo, viazi vingi, karoti na vitunguu, vinachemka mpaka vinavurugika.

Bandari ilileta na wengine. Siku ya Krismasi ya mwaka 1889, wakili William Quilliam, mzaliwa wa Liverpool aliyesilimu baada ya safari ya Morocco na kujiita Abdullah, alifungua msikiti kwenye nyumba ya Brougham Terrace. Wanahistoria wengi huutaja kuwa wa kwanza Uingereza. Sultani Abdul Hamid II wa dola ya Uthmaniya (Uturuki) alimpa cheo cha Sheikhul Islam wa visiwa vya Uingereza. Majirani walimpa mawe na uchafu. Quilliam alizikisha pale mabaharia Waislamu waliofia ugenini, watu ambao bila yeye wangefukiwa bila sala. Alipoondoka mwaka 1908 jumuiya yake ilisambaratika, na jengo likageuzwa ofisi ya jiji ya kuandikishia vizazi na vifo. Sala zilirudi humo zaidi ya miaka 100 baadaye.

Hapa ndipo wanaoipamba Liverpool ya makuli wanapopaswa kukaa kitako wasikilize, na mimi nikiwa mmoja wao. Juni 1919 vita vimekwisha, kazi zimeadimika, na watu weusi waliokuwa wakihitajika melini na viwandani wakaanza kufukuzwa. Charles Wootton, baharia mweusi wa miaka 24 aliyetumikia jeshi la majini, alikimbizwa na umati kutoka nyumba aliyopanga hadi Queen's Dock. Akaingia majini. Wakampiga mawe mpaka akazama, polisi wakiwapo. Hakukamatwa mtu kwa kifo hicho. Mwaka 1945 na 1946 serikali iliwakusanya kimyakimya mabaharia wa Kichina waliotumikia meli za Uingereza wakati wa vita, ikawarudisha Asia kwa mamia. Wake zao wa Liverpool wengi waliamini kwamba wametelekezwa, na watoto wakakua wakiambiwa hivyo. Bega la Mwafrika na la Mchina halikuguswa kwa urahisi zizini. Makuli walipokezana kazi baba kwa mwana, na ulinzi huo dhidi ya nyapara ulikuwa pia ukuta dhidi ya jirani. Toxteth, mtaa ambao familia nyingi za watu weusi zilikuwa zimeishi kwa vizazi, uliwaka moto Julai 1981, na waliouona kama ghasia za wageni hawakujua kwamba baadhi ya familia hizo zilikuwa mjini kabla ya nusu ya majengo yanayopigwa picha na watalii.

Tena, ile Liverpool ya mrengo wa kushoto inayozungumzwa kana kwamba imeumbwa hivyo ni mpya. Chama cha Labour hakikulishika baraza la jiji hadi mwaka 1955. Kabla ya hapo Waprotestanti maskini waliwapigia kura Wahafidhina, Wakatoliki maskini wakawapigia wazalendo wa Kiayalandi, na wenye meli wakalala usingizi mnono. T.P. O'Connor, mbunge wa chama cha wazalendo hao, alikishikilia kiti kimoja cha Liverpool tangu 1885 hadi alipofariki 1929. Umoja wa watu wa Liverpool haukurithiwa. Ulijengwa taratibu, na cha kusikitisha ni kwamba ulikamilika wakati bandari yenyewe inaanza kuwaacha.

Maana makontena yalikuwa njiani. Gati kubwa la Seaforth, mdomoni mwa mto, lilianza kazi mapema miaka ya 1970, na kreni moja ikachukua nafasi ya makuli mia. Mwaka 1973 Uingereza ikajiunga na soko la Ulaya, biashara ikahamia pwani ya mashariki kwenye bandari kama Felixstowe, na Liverpool ikajikuta upande usiofaa wa kisiwa. Jiji lililokuwa na watu zaidi ya 840,000 mwaka 1931 lilibaki na karibu 440,000 mwaka 2001. Nyaraka za serikali zilizofunguliwa baadaye zilionyesha kwamba mwaka 1981 waziri wa fedha, Geoffrey Howe, alimshauri Margaret Thatcher afikirie kuiacha Liverpool ididimie chini ya usimamizi. Watu wa huko walikuwa wakilihisi hilo siku zote, kwa hiyo karatasi ilipotoka haikumshangaza mtu.

Miaka minane baada ya ushauri huo, Aprili 15, 1989, mashabiki wa Liverpool walibanwa na kupondwa katika uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield. Idadi ya waliokufa leo ni 97. Siku nne baadaye gazeti la The Sun liliwasingizia mashabiki kwamba waliwaibia maiti. Mpaka leo wauza magazeti wengi wa Liverpool hawaliweki mezani. Familia zilipigana miaka 27 hadi baraza la uchunguzi liliposema, mwaka 2016, kwamba wale watu waliuawa isivyo halali. Shirika gani la matajiri wa pamba lingekuwa na pumzi ya miaka 27?

Na makuli wenyewe walikuwa na pigano moja zaidi. Septemba 1995, makuli kama 500 walifukuzwa kazi kwa kukataa kuvuka mstari wa wenzao waliogoma. Wengine walikuwa wamebakiza miaka michache tu wastaafu. Walikaa nje hadi Januari 1998. Shehena ya meli Neptune Jade ilikataliwa na makuli wa Oakland, kisha Vancouver, kisha Japani, kwa ajili ya watu ambao hawakuwahi kuonana nao. Machi 1997, Robbie Fowler, kijana wa Toxteth aliyeichezea Liverpool, alifunga bao dhidi ya Brann ya Norway akainua jezi yake. Ndani alivaa fulana ya kuwaunga mkono makuli, herufi C na K za jina lao la Kiingereza, dockers, zikiwa zimechorwa kama nembo ya kampuni ya mavazi ya Calvin Klein. UEFA ikamtoza faini ya faranga 2,000 za Uswisi. Pigano lile lilishindwa, na fulana ile hadi leo watu wanaivaa.

Sasa turudi kwa UNESCO. Kuhusu maghorofa ya kaskazini nakubaliana nao nusu: ni nyumba ambazo mjukuu wa kuli haziwezi, na zingeweza kusimama katika jiji lolote lenye mto. Kuhusu uwanja, walikosea. Gati la Bramley-Moore lilifunguliwa mwaka 1848, lilikuwa la makaa ya mawe, na kwa miaka mingi watu walilipita wakiwa na ukuta mrefu wa mawe mbele ya macho yao. Everton walilijaza mchanga, wakaacha kuta za zamani mahali pake, na tangu Agosti 2025 watu zaidi ya 52,000 huingia humo siku za mechi. Kwa mara ya kwanza tangu lijengwe, gati lile linajaa watu wasiongoja kuguswa bega. Kama hilo ni kuharibu urithi, basi niambiwe urithi ni wa nani.

Ninachowadai viongozi wa jiji ni kingine. Jumba la makumbusho ya utumwa, lililofunguliwa Albert Dock mwaka 2007, limefungwa tangu Januari 2025 kwa ukarabati wa miaka kadhaa, wakati vichwa vya Waafrika vilivyochongwa kwenye ukumbi wa jiji viko palepale vikitazama barabara. Maghorofa hayakusubiri kiasi hicho.

Bandari nayo bado inafanya kazi, tena sana. Gati jipya la makontena, Liverpool2, lilifunguliwa Seaforth mwaka 2016 kwa pauni milioni 400, na bandari hushughulikia takriban tani milioni 30 kwa mwaka kwa watu wachache ambao mnyapara wa zamani angewahesabu kabla ya chai. Septemba 2022, mwaka mmoja na miezi michache baada ya kura ya UNESCO, makuli zaidi ya 500 wa hapo waligoma kwa ajili ya mshahara. Novemba walirudi kazini na nyongeza ya kati ya asilimia 14.3 na 18.5. Seaforth haikuwahi kuwamo kwenye ramani ya urithi.